Kwa Nini Mcheza Kamari Haachi?

Mtu akiuziwa nyanya zilizooza na mchuuzi mmoja mara mbili, mara ya tatu hupita mbali na meza yake. Mtoto akiungua, huuogopa moto. Basi imekuwaje mtu aliyepoteza fedha zake katika kamari jana na juzi arudi tena leo? Wengi hujibu upesi, "Ni mjinga." Lakini wako watu wenye elimu na akili nyingi ambao wamenaswa vilevile. Hapana budi tutafute sababu nyingine.

1. Kijana wa bodaboda

Kwa Mrombo ni mtaa ulio upande wa kusini wa jiji la Arusha. Mawingu yakitawanyika asubuhi, Mlima Meru huonekana kaskazini. Tuseme huko yuko kijana aendeshaye bodaboda ya mtu mwingine. Kila jioni sharti ampelekee tajiri wake hesabu, shilingi 10,000. Kinachozidi ni chake.

Siku moja akaingia mahali penye mashine ya kamari, ile ambayo wengi huiita dubwi. Akatia sarafu ya shilingi 200, mashine ikamwaga shilingi 2,000. Akacheka, akanunua chipsi, akaenda zake. Siku ile ndiyo aliyonaswa, ingawa alidhani ameokota.

Kesho yake akapoteza shilingi 3,000. Akasema moyoni, "Nitacheza kidogo nirudishe yangu." Akapoteza 5,000. Sasa hakucheza tena ili apate, bali alicheza ili arudishe. Hata fedha ya hesabu ikaingia mle mle. Usiku akafika nyumbani mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unga uko wapi?"

"Pikipiki ilipata pancha, mama."

Angalieni: kamari ilianza kwa sarafu moja, na sasa imezaa uongo.

2. Bomba la maji

Bomba litoalo maji kila siku likikauka, utalifungua mara mbili tatu, kisha utashika ndoo uende kwingine. Lakini bomba la mgao, litoalo maji mara usiku, mara alfajiri, wala hujui saa yake, utalijaribu mara kumi kwa siku. Kila linapokuwa kavu wasema, "Labda baadaye."

Jambo hili lilipimwa Marekani na wataalamu wawili, Ferster na Skinner, waliotoa kitabu chao mwaka 1957. Njiwa aliyezoea kupata punje kila adonoapo, aliponyimwa aliacha upesi. Njiwa aliyepata punje mara baada ya madono machache, mara baada ya mengi, asijue lini, alidonoa kwa bidii, na hata aliponyimwa kabisa aliendelea kwa muda mrefu. Mashine ya kamari ndilo bomba la mgao. Kupoteza hakumfundishi mtu kuacha, kwa kuwa amezoea kwamba faida huja baada ya kupoteza.

Tena kuna "nusura." Picha mbili zikilingana, na ya tatu ikipita kidogo tu, mchezaji husema, "Nusura nipate!" Kwa kweli amekosa kabisa, sawasawa na aliyekosa kwa mbali. Lakini mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba nusura huamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi wenyewe, tena humtia mtu hamu ya kuendelea.

3. Gurudumu la kasino

Katika kasino uko mchezo uitwao ruleti. Gurudumu lina nambari 37, kuanzia 0 hadi 36, nacho kipira huangukia moja. Ukiweka shilingi 1,000 juu ya nambari moja, ukashinda, hupewa 35,000 pamoja na 1,000 yako, jumla 36,000.

Sasa tupige hesabu. Ukicheza mara 37 umetoa 37,000. Kwa wastani utashinda mara moja, upate 36,000. Ile 1,000 iliyobaki ni ya mwenye kasino. Ni kidogo, lakini mchwa nao hauli nguzo kwa siku moja. Mwenye kasino hahitaji wizi wala uchawi. Ahitaji tu kwamba usiondoke.

Wengine hudhani bahati ina zamu. Nusu ya nambari 1 hadi 36 ni nyekundu, na nusu ni nyeusi. Tarehe 18 Agosti 1913, huko Monte Carlo katika nchi ya Monaco, kipira kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kuweka fedha juu ya nyekundu wakisema, "Sasa ni zamu yake," wakapoteza mali nyingi. Kipira hakikumbuki kilikoanguka jana.

4. Daftari la mama

Turudi kwa kijana wetu. Mama yake huuza mboga sokoni, naye huandika kila kitokacho na kila kiingiacho. Alipojua ukweli hakumpigia kelele. Akampa daftari na kalamu, akasema, "Mwanangu, niandikie ya mwezi huu, yote."

Kijana akaandika ushindi kwanza, maana aliukumbuka wote: shilingi 41,000. Kisha akaandika fedha alizotia, polepole, kwa aibu: 126,000. Akaitazama tofauti, 85,000, asiseme neno. Moyo wake ulikuwa umetunza kila ushindi na kutupa kila hasara. Ndiyo maana wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, aliacha siku ileile? La. Alirudi mara mbili. Ndipo akamwomba mama yake ashike fedha zake kila jioni, akabadili na njia ya kurudi nyumbani. Msimcheke. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuweka ugonjwa wa kamari pamoja na uraibu wa pombe na wa dawa za kulevya, na Shirika la Afya Duniani nalo lauhesabu kuwa ugonjwa. Mgonjwa husaidiwa kwa kusema mapema, si kwa kuficha.

Hapa Tanzania, aliye chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kucheza kamari. Lakini sheria husimama mlangoni tu. Anayejua hesabu hubeba mlinzi wake moyoni.

Maswali

1. Kwa nini tunalijaribu bomba la mgao mara nyingi kuliko bomba lililozoea kutoa maji kila siku?
2. Mtu akiweka shilingi 500 juu ya nambari moja mara 37, akishinda mara moja tu, amepoteza kiasi gani?
3. Sarafu imeangukia upande wa kichwa mara tano. Je, mara ya sita ni zamu ya upande wa pili? Eleza.
4. Uongo wa kijana uliwadhuru nani, zaidi ya yeye mwenyewe?