Maji ya Mto Zigi: Msitu wa Amani Unavyolisha Bomba la Tanga

Maji unayokinga bombani Tanga mjini yamepitia bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978 kwenye Mto Zigi. Mto huo chimbuko lake ni misitu ya Usambara Mashariki, Amani na milima jirani, ambako mvua hufikia milimita 1,900 hivi kwa mwaka.

Je, miti huleta mvua?

Wengi tumekariri hivyo tangu shule ya msingi. Ni kweli, ila nusu. Mvua nyingi ya Amani hutoka Bahari ya Hindi: upepo wenye unyevu ukigonga mlima hupanda juu, hupoa, kisha hunyesha. Hata mlima ukibaki na upara, sehemu ya mvua hiyo itanyesha tu. Miti nayo hunyonya maji ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia majani yake, na mvuke huo hurudi kuwa wingu. Katika msitu mkubwa kama Amazon, watafiti walikadiria katika miaka ya 1970 kwamba karibu nusu ya mvua hutokana na mvuke uliorudishwa angani na bonde lenyewe. Usambara ni ndogo mno kufikia hapo. Kazi yake kubwa iko chini, udongoni.

Jaribu mwenyewe

Chukua ndoo mbili za maji. Moja imwage msituni, juu ya majani makavu. Nyingine kwenye shamba la mahindi lililolimwa mteremkoni bila matuta. Ya kwanza hunywewa papo hapo, kwa kuwa chini ya majani yale kuna mboji, mizizi na vishimo vya minyoo. Ya pili huteremka mbio na udongo wake.

Sasa fikiria masika nzima. Palipofyekwa, Zigi hujaa ghafla na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, tope hutua bwawani, na mtambo wa kusafishia maji huhitaji shabu nyingi zaidi. Kiangazi kikifika, chemchemi hupungua, kwa sababu maji yaliyopaswa kuzama na kuzilisha yalishakwenda baharini tangu Aprili.

Kuhusu iliki

Hapa tuseme wazi, maana shamba la iliki msituni hudanganya macho. Mkulima wa iliki huacha miti mikubwa kwa ajili ya kivuli na kufyeka vichaka na miche iliyo chini. Kwa mbali unaona msitu. Ingia ndani: hakuna mti mchanga hata mmoja wa kurithi nafasi ya mzee atakayeanguka. Baada ya miaka kadhaa udongo huchoka, iliki hukoma kuzaa, na mahali hapo hupandwa mahindi au mihogo.

Hatusemi watu waache viungo. Karafuu, mdalasini na pilipili manga hustawi shambani pamoja na miti, nje ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Mikaratusi, yenye kiu kubwa, isipandwe karibu na chemchemi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukiona eneo hilo linafyekwa, toa taarifa ofisi ya kijiji au kwa mhifadhi, mapema, kabla mvua hazijaanza.