Springi na Shokomzoba: Kwa Wakala au kwa Fundi wa Mjini?

Katika somo la mwezi huu tutasema juu ya jambo linalowasumbua wakulima wengi wenye pikapu, yaani gharama za kutengeneza sehemu za chini ya gari zinazobeba mzigo: springi, shokomzoba, bushi za mpira na boljointi. Kwa pamoja mafundi huziita saspensheni. Tutaangalia ni wakati gani yafaa kupeleka gari kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza, na ni wakati gani yafaa kulipeleka kwa fundi mwenye gereji yake mwenyewe.

Jambo hili si dogo kwetu. Tangu mpango wa makazi wa ekari milioni ulipoanza mwaka 1962, wakulima wengi wa skimu wamelima mahali palipo mbali na lami. Viazi, kabichi na maziwa hupita kwanza katika barabara za murram na mashimo kabla ya kufika sokoni. Gari likivunjika boljointi njiani, gurudumu hulala ubavu na dereva hana usukani tena. Na hata kama hakuna aliyeumia, maziwa ya siku ile yamekwisha haribika.

Wakulima wengi huuliza swali moja tu: “Ni nani mwenye bei ndogo?” Swali lililo bora ni hili: “Ni nani atakayenitengenezea kazi ile ile kwa gharama ndogo kwa kila kilomita nitakayokwenda?” Tutaona kwamba maswali hayo mawili hayana jibu moja.

KWANZA: JUA UGONJWA KABLA YA KUULIZA BEI

Huwezi kulinganisha bei mbili kama hujui ni kazi gani inayotakiwa. Mkulima mwenyewe aweza kuchunguza mambo haya nyumbani:

1. Simamisha gari mahali palipo sawa. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwenzake, tazama springi: huenda jani limevunjika au limelala.

2. Kandamiza pembe moja ya gari kwa nguvu, kisha liachie. Likiendelea kudunda mara kadhaa, shokomzoba imechoka. Tazama pia kama inavuja mafuta.

3. Tazama matairi. Tairi lililolika upande mmoja tu huonyesha kwamba magurudumu hayakunyooka, au kwamba bushi au boljointi zimelegea.

4. Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu mengine, kisha inua gurudumu la mbele kwa jeki. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, kuna ulegevu katika boljointi au beringi. Kisha lishike kushoto na kulia; likicheza hapo, huenda tairodi ya usukani imekwisha. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Andika uliyoyaona katika karatasi. Mtu akifika gereji akasema tu “gari lina kelele chini,” amempa fundi ruhusa ya kubadili kila kitu.

PILI: TOFAUTI YA BEI HUTOKA WAPI?

Gereji ya wakala ina nyumba kubwa, mitambo ya kupimia, na mafundi waliofundishwa juu ya magari ya kampuni hiyo. Mambo hayo yote yamo ndani ya bei yake. Kwa kawaida hutoza ufundi kwa saa zilizopangwa na kampuni kwa kazi ile, na spea ni zile za kampuni. Juu yake huongezwa kodi ya VAT, ambayo tangu Januari 2021 ni asilimia 16.

Fundi wa mjini hupatana nawe bei ya kazi nzima. Gharama zake ni ndogo, na gereji ndogo ambayo haikuandikishwa kwa VAT haiwezi kukutoza kodi hiyo. Lakini tofauti kubwa zaidi mara nyingi haiko katika ufundi, iko katika spea. Spea zinazouzwa katika Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wazee waliijua kwa jina la Grogan, na katika maduka ya miji yetu, ni za namna nyingi:

(a) Zile zilizo katika boksi la kampuni ya gari.

(b) Zile za viwanda vinavyojulikana kwa jina lao wenyewe. Kwa mfano, KYB ya Japani hutengeneza shokomzoba zinazofungwa katika magari mapya, na pia huziuza madukani. Basi si kila spea isiyo na jina la gari ni mbaya.

(c) Zile zilizokwisha tumika, zilizoletwa kutoka ng'ambo. Chuma huenda kikawa kizuri, lakini mpira huzeeka hata ukikaa tu rafuni.

(d) Zile za bandia, zenye boksi la kuiga. Nchi yetu ilipitisha sheria juu ya bidhaa bandia mwaka 2008, lakini mnunuzi hana budi kufungua macho yake mwenyewe.

Fundi akikutajia bei bila kusema ni spea za namna gani, bado hajakutajia bei.

TATU: HESABU

Sasa tufanye mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu. Wewe weka zile ulizopewa. Pikapu inahitaji shokomzoba 2 za mbele, boljointi 2, na bushi 4.

Kwa wakala, tuseme:
Uchunguzi: sh. 3,000
Shokomzoba 2 kwa sh. 14,000: sh. 28,000
Boljointi 2 kwa sh. 8,000: sh. 16,000
Bushi 4 kwa sh. 2,000: sh. 8,000
Ufundi, saa 5 kwa sh. 3,500: sh. 17,500
Kunyoosha magurudumu (alaimenti): sh. 3,500
Jumla: sh. 76,000
VAT asilimia 16: sh. 12,160
Jumla kuu: sh. 88,160

Kwa fundi wa mjini, kwa spea za bei ndogo, tuseme:
Shokomzoba 2 kwa sh. 7,000: sh. 14,000
Boljointi 2 kwa sh. 3,500: sh. 7,000
Bushi 4 kwa sh. 750: sh. 3,000
Ufundi: sh. 8,000
Jumla: sh. 32,000

Mtu akiona hesabu hizi atasema ameokoa sh. 56,160. Lakini kazi hizi mbili si sawa. Fundi hakuweka alaimenti, na bila hiyo matairi mapya yaweza kulika upesi. Ongeza sh. 3,000 za alaimenti. Gharama yake ya kweli ni sh. 35,000.

Sasa gawanya kwa kilomita. Tuseme kazi ya wakala itadumu kilomita 60,000, na ile ya spea za bei ndogo kilomita 20,000 katika barabara zetu.

Wakala: 88,160 ÷ 60,000 = shilingi 1 na senti 47 kwa kilomita.
Fundi: 35,000 ÷ 20,000 = shilingi 1 na senti 75 kwa kilomita.

Basi ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Tena gari litaingia gereji mara tatu badala ya mara moja, na kila mara utakodi gari la mtu mwingine kupeleka maziwa. Siku hizo ziandike katika hesabu pia. Vivyo hivyo, kama wakala yuko mbali, andika mafuta ya kwenda na kurudi, na nauli yako gari likibaki huko.

Lakini tusiseme kwamba wakala ni bora siku zote. Katika mfano huu, kazi ya fundi ikidumu zaidi kidogo ya kilomita 23,800, gharama zao kwa kilomita huwa sawa. Ikidumu kilomita 30,000, fundi ni shilingi 1 na senti 17, naye ndiye rahisi. Kwa hiyo swali la kumwuliza fundi ni moja: “Kazi hii itadumu kwa muda gani, na utaniandikia?”

NNE: NJIA YA KATI

Iko njia ya tatu ambayo wakulima wachache huitumia. Nunua spea halisi katika dirisha la spea la wakala, kisha umpe fundi mwaminifu azifunge. Katika mfano wetu spea ni sh. 52,000, na VAT yake sh. 8,320, jumla sh. 60,320. Ongeza ufundi sh. 8,000 na alaimenti sh. 3,000. Jumla ni sh. 71,320. Zikidumu kilomita 60,000, ni shilingi 1 na senti 19 kwa kilomita, chini ya wakala.

Lakini zikifungwa vibaya zikadumu kilomita 40,000 tu, ni shilingi 1 na senti 78, na sasa njia hii ni ghali kuliko zote. Tena wakala hatakubali kulaumiwa kwa kazi asiyoifunga. Njia hii, basi, yamtegemea fundi.

Utamjuaje fundi? Mtazame akifunga bushi za mpira. Bushi nyingi zina mpira ulioshikamana na chuma, na bolti zake hukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limeshuka, uzito wake wote ukiwa juu ya magurudumu. Akizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishuka mpira hujisokota, nao hukaa hivyo mpaka upasuke kabla ya wakati wake. Pia fundi mwema hutoa bushi ya zamani kwa presi, si kwa nyundo na patasi. Hubadili shokomzoba mbili za kulia na kushoto pamoja. Naye akifunga springi mpya za majani, atakuambia urudi baada ya siku chache akaze yu-bolti tena.

TANO: KAZI GANI KWA NANI?

Mpelekee wakala ikiwa gari lingali katika dhamana ya kampuni. Soma masharti yake kwanza, usije ukaipoteza. Mpelekee pia ikiwa mafundi wawili wameshindwa kujua ugonjwa, au gari limepata ajali na huenda chesi imepinda. Waweza kulipia uchunguzi peke yake, ukapewa maandishi, kisha ukaamua pa kutengeneza.

Mpelekee fundi wa mjini kazi zilizo wazi: springi za majani, shokomzoba za nyuma, na bushi za gari ambalo dhamana yake imekwisha. Pikapu za kubeba mzigo zimezoeleka sana katika gereji zetu, na mafundi wengi wanazijua vizuri. Jihadhari na jambo moja: jani la springi lililotiwa moto likapindwa, bila kurudishiwa ugumu wake, litalala tena au kukatika.

Wala usimlaumu wakala au fundi kwa kosa la mzigo. Pikapu iliyoandikiwa kilo 1,000 hubeba magunia 20 ya viazi ya kilo 50, na watu wanaopanda huhesabiwa pia. Ukiweka magunia 30, hakuna spea itakayodumu.

SITA: MAANDISHI

Ofisi ya serikali ikitaka kununua au kutengeneza kitu, mara nyingi hutafuta bei tatu zilizoandikwa kabla ya kuamua. Mkulima naye afanye hivyo. Kila karatasi ionyeshe:

1. Kazi itakayofanywa, moja moja.
2. Jina la kiwanda cha kila spea, na kama ni mpya au imetumika.
3. Bei ya spea na bei ya ufundi mbali mbali.
4. Kama VAT na alaimenti zimo ndani.
5. Siku ambazo gari litakaa gereji.
6. Dhamana, kwa miezi au kwa kilomita.

Mwambie pia fundi akurudishie spea za zamani, ili uone kwamba kweli zimebadilishwa. Weka risiti zote pamoja, na uandike kilomita za gari siku ile. Mali bila daftari huisha bila habari. Kukitokea ugomvi usiotatuliwa kwa mazungumzo, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huko maneno matupu hayana nguvu kama risiti.

ZOEZI

Gereji A yataka sh. 54,000, na kazi yake yatazamiwa kudumu kilomita 45,000. Gereji B yataka sh. 30,000, na kazi yake yatazamiwa kudumu kilomita 20,000.

(1) Ni gharama gani kwa kilomita katika kila gereji?
(2) Kazi ya gereji B yapasa kudumu kilomita ngapi ili iwe sawa na A?

Majibu: (1) A ni shilingi 1 na senti 20, B ni shilingi 1 na senti 50. (2) Kilomita 25,000.

Mkulima aliyeweza zoezi hili aweza kuingia gereji yoyote bila hofu, ikiwa ya wakala au ya fundi aliye chini ya mti.