Mafunzo Niliyopata Usiku Mmoja Ruhuwiko

Mtu akihamishiwa Songea kikazi huonywa kuhusu baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Kuhusu chakula haonywi, maana hoteli za mjini zina wali, kuku na chipsi kama kwingine. Chakula chenyewe nilikijulia Ruhuwiko, upande wa uwanja wa ndege. Huko wanaishi wanajeshi, walimu na watumishi wa kila mkoa, na kila meza haikosi mtu anayeishangaa sahani ya mwenzake.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari, siku za kumbukumbu ya Vita vya Majimaji, na wageni walikuwa wengi mjini. Tulitoka watu watano: mwalimu wa hesabu, mwenyeji wa Peramiho; askari mstaafu, Mngoni, ambaye sote tunamwita Afande; dada mmoja nesi kutoka Tunduru; Mhehe muuza pembejeo; na mimi mtu wa Muleba.

1. Mwenyeji ndiye anayeagiza, ila aulize kwanza

Mwalimu hakumwita mhudumu mpaka alipotuzungukia sote: nani hali nini? Banda tulilokaa linauza kitimoto, na nesi ni Mwislamu. Bila maneno mengi akavuka barabara kwa mama anayekaanga samaki, akamwagizia nesi chakula chake kwenye vyombo visivyochangamana na vyetu, kisha akaunganisha meza mbili ili tuendelee kukaa pamoja. Wabenediktini wapo Peramiho tangu mwaka 1898, lakini Songea ukoo mmoja unaweza kuwa na padri na shehe, kwa hiyo swali hilo watu wamelizoea. Nimehudhuria sherehe za watu wenye fedha mahali pengine ambako halikuulizwa, na wageni wakashindia soda.

2. Kinyaa ni malezi

Sahani ya kwanza iliyonishtua ilikuwa ya panya. Panya wa shambani, waliokaushwa kwa moshi, wamepangwa kichwa, mkia na yote. Niliuliza kwa sauti iliyonitoka vibaya kidogo kama kweli watu wazima wanakula hao. Mhehe, ambaye ni mtani wa Wangoni, akadakia: "Afande, nyie hata paka mnamnyima riziki." Afande akamjibu kwamba mbwa wote wa Iringa wanamjua Mhehe huyo kwa jina. Baada ya hapo wakanigeukia mimi. Kwenu Bukoba mnakula nini? Nikasema senene. "Yaani panzi," akasema nesi, na uso wake ukawa uleule niliokuwa nao mimi mbele ya panya.

Nilijitetea sana. Nikaeleza jinsi senene wanavyonyonyolewa mabawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na kwamba zamani kwetu wanawake ndio waliowakusanya ilhali mila ikiwakataza kuwala. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama Afande. Hoja zake na zangu zilikuwa moja: ni wasafi, wanakula majani na nafaka, wana msimu wao, na bibi alituandalia tukiwa wadogo.

Halafu Afande akaacha utani. Alisema kwao hicho si kituko cha kuwaonyesha wageni. Wazee wake walimsimulia jinsi Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala ya Ungoni ili njaa iwamalize waliobaki, baada ya viongozi wa Majimaji kunyongwa hapa Songea tarehe 27 Februari 1906. Aliyejua cha kula porini ndiye aliyevuka mwaka ule. Hapo ndipo nilipochukua panya mmoja. Hukumu yangu: nyama kidogo, mifupa mingi, moshi na chumvi vimekolea. Sitamwagiza tena, lakini simcheki tena anayemwagiza.

3. Uliza alikotoka kabla hujauliza ladha yake

Nesi hakumgusa panya kwa sababu ya dini, ila maswali aliyauliza yeye. Wamekamatwa wapi? Shambani, baada ya mavuno, kwa mitego na kwa kuchimbua mashimo. Kuna aliyetega kwa sumu? Hakuna. Walichunwa na nani, akiwa mikono mitupu? Mama wa banda akacheka, lakini nesi hakuwa anatania. Alitukumbusha Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Ugonjwa ule husambazwa na viroboto wa panya, kwa hiyo anayemshika mnyama mbichi yuko hatarini kuliko anayemla akiwa ameiva. Panya wa nyumbani wala asikaribie sufuria; humjui amelamba nini kwenye stoo ya jirani.

(Mwalimu aliingiza habari ya panya buku wa Chuo Kikuu cha SUA, Morogoro, wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Mishahara yao ni ndizi na karanga. Afande alisema hao waachwe, wako kazini.)

4. Kuna kitamu ambacho mzigo wake anaubeba mtu mwingine

Chikanda ndiyo iliyonishinda nguvu. Aliileta dada anayepitisha karanga na mayai ya kuchemsha, ikiwa kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko: kipande cha kahawia, laini, kinachokatwa kwa kisu kama soseji nene. Niliapa kwamba ni nyama. Kumbe hakina hata chembe ya nyama. Ni mizizi ya okidi za porini iliyokaushwa na kutwangwa, ikachanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, kisha ikapikwa mpaka ikashikana. Magadi ndiyo yanayofanya mvutano ule wa ajabu mdomoni. Nilikula vipande vyangu, na vya Mhehe pia.

Mwalimu ndiye aliyetia mchanga kitumbua changu. Okidi hizi huota kwenye nyanda za majani za kusini, na anayetaka mzizi lazima auchimbue mmea mzima. Mmea uliong'olewa hauchipui tena, na kipande kimoja cha chikanda kimemeza mizizi mingi. Watu walipokuwa wanachimba kwa ajili ya chungu cha nyumbani, mbuga zilistahimili. Hali ilibadilika Zambia walipoanza kuipenda mijini na okidi zao zikapungua. Wafanyabiashara wakaigeukia Tanzania, na magunia yakawa yanapita mpakani Tunduma. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, sehemu kubwa ya umaarufu wake ni maua hayohayo. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao unataka biashara yake ya kuvuka mpaka iwe na kibali. Uturuki wana kisa kinachofanana: huko mizizi ya okidi husagwa kuwa salep, kinywaji cha moto cha majira ya baridi, na mimea yao nayo imeadimika.

Nilimuuliza yule dada mizizi ameipata wapi. Akasema anaununua unga sokoni, ukiwa tayari. Sina la kumlaumu; ana watoto wa kusomesha. Lakini wanaochimbua kwa magunia sioni cha kuwatetea, na ningefurahi sana kusikia siku moja kwamba kuna mkulima wa Ruvuma anayeipanda okidi hii shambani kama anavyopanda karanga.

5. Ulanzi una saa zake

Hili lilikuwa somo la Mhehe, kwa hiyo lilikuwa refu, nalifupisha. Mwanzi mchanga hukatwa ncha wakati wa mvua, ukatiririsha maji kwenye mbeta, yaani chombo cha mwanzi, na maji hayo huchacha yenyewe bila kutiwa hamira. Wa asubuhi ni mtamu, mtoto anaweza kuunywa. Uleule ukifika jioni ni pombe, na wa jana ni jambo jingine kabisa. Uliza umegemwa lini, usiulize bei kwanza. Nilikunywa kikombe kimoja, kwa heshima ya mbeta.

6. Unaruhusiwa kukataa

Sahani iliyonukia kuliko zote ilikuwa ya uyoga wa rosti ya karanga, na ndiyo tuliyoirudisha. Mwalimu alimuuliza mhudumu nani ameuchuma. Mhudumu hakujua, mama wa banda naye akasema umeletwa na kijana fulani. Basi. Mwalimu aliisogeza sahani kando, yeye aliyekulia kwenye uyoga. Zipo sumu za uyoga zisizoondoka hata ukichemsha mpaka usiku wa manane, na zile hadithi za kutumbukiza kitunguu saumu au kijiko cha fedha ili kuipima sumu ni uongo unaoua. Uyoga hununuliwa kwa mama anayejulikana, ambaye naye anakwenda kuula kwake jioni hiyohiyo. Tulilipia sahani ile, hatukuila, na hakuna aliyeitwa mwoga.

7. Kitu bora kinaweza kuwa cha kawaida kabisa

Saa tano usiku nilikuwa naomba kwenye sahani ya nesi. Dagaa nyasa, wamekaangwa wakavu kwa kitunguu na nyanya, na ugali wa dona. Mimi nimekulia kwenye dagaa wa Ziwa Victoria, wale ambao mara nyingi huanikwa chini, na mchanga wao ukautafuna utotoni mwako wote. Hawa wa Ziwa Nyasa niliwatafuna kimya, hakuna punje. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imelisogeza ziwa karibu, na sokoni Songea dagaa wanafika wakiwa bado na rangi ya fedha.

Ukija Songea, pita Ruhuwiko jioni na uanze na hao dagaa. Ukikutana na chikanda, onja kipande kimoja, na umuulize muuzaji mizizi imetoka wapi.