Bahari Haina Ukuta: Somo Kuhusu Ushirikiano wa Majeshi ya Wanamaji

Mwezi Juni 2005, meli ya Semlow iliondoka Mombasa ikiwa na mchele wa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani uliokuwa ukipelekwa Somalia. Maharamia waliiteka njiani, na mabaharia wake, wakiwemo Wakenya, walishikiliwa kwa takriban siku 100. Mnamo Novemba 2008, meli ya mafuta ya Sirius Star ilitekwa maili 450 za baharini kutoka pwani ya Kenya. Huo ni umbali wa zaidi ya kilomita 800, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Kisumu.

Hakuna meli ya doria inayoweza kuwa kila mahali katika eneo kubwa kiasi hicho. Tena mhalifu wa baharini huvuka mpaka bila kukuta kizuizi wala afisa wa kumsimamisha. Ndiyo maana ulinzi wa bahari hutegemea kazi tatu ambazo nchi moja haiwezi kuzikamilisha peke yake: kuona, kukamata na kuhukumu.

Kuona

Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, nchi ina mamlaka kamili hadi maili 12 za baharini kutoka pwani yake. Kutoka hapo hadi maili 200, ina haki ya kipekee juu ya samaki na rasilimali nyingine. Mbele ya hapo ni bahari kuu, isiyomilikiwa na nchi yoyote. Kwa hivyo mashua moja inaweza kupita katika maeneo ya nchi tatu kwa safari moja, na kila nchi ikaona kipande tu cha safari hiyo.

Ili kuunganisha vipande hivyo, nchi za ukanda huu, Kenya ikiwa mojawapo, zilitia saini Kanuni za Maadili za Djibouti tarehe 29 Januari 2009. Vituo vitatu vya kubadilishana habari vilianzishwa: Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Mnamo Januari 2017, katika mji wa Jeddah, kanuni hizo zilipanuliwa. Kando na uharamia, sasa zinagusa uvuvi haramu, biashara ya binadamu, na magendo ya silaha na dawa za kulevya. Aidha, kituo cha Madagascar hukusanya na kuchambua habari za baharini, na kile cha Ushelisheli huratibu operesheni.

Kukamata

Mwezi Juni 2008, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu meli za kivita za nchi nyingine kuwafuata maharamia ndani ya maji ya Somalia, kwa idhini ya serikali ya Somalia. Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni ya Atalanta Desemba mwaka huo, na India na China pia zikatuma meli zao.

Meli za mataifa mbalimbali haziwezi kufanya kazi pamoja kwa nia njema peke yake. Ni lazima mabaharia waelewane kwa redio, na wajue nani anaongoza na jinsi ya kupanda meli inayoshukiwa bila kuwadhuru wasio na hatia. Hayo ndiyo hufunzwa katika mazoezi ya pamoja kama Cutlass Express, ambayo Mombasa imewahi kuyaandaa. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na Jeshi la Wanamaji, likisaidiana na Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilichozinduliwa mwaka 2018 kusimamia sheria baharini.

Kuhukumu

Mshukiwa asipofikishwa mahakamani, doria yote huwa kazi bure. Mnamo Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi, maili 27 hivi mashariki mwa Mombasa. Dawa hizo ziliharibiwa baharini. Katika misako mingi ya aina hiyo kwenye bahari kuu, mabaharia wa jahazi huachiliwa kwa kukosekana nchi ya kuwashtaki.

Kenya ilichukua mzigo huo kwa upande wa uharamia. Mwaka 2006, mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali kumi waliokamatwa na meli ya Marekani kifungo cha miaka saba kila mmoja. Mnamo Novemba 2010, Mahakama Kuu iliamua kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa nje ya maji ya nchi. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo Oktoba 2012.

Faida na gharama kwa wakazi

Uharamia wa Kisomali ulipungua sana baada ya mwaka 2011, kutokana na doria hizo pamoja na walinzi wenye silaha ndani ya meli. Lakini haukuisha. Desemba 2023 meli ya Ruen ilitekwa, na ikakombolewa Machi 2024 na wanamaji wa India. Hatari ikizidi, bima ya meli hupanda, na gharama hiyo hatimaye huonekana katika bei ya bidhaa dukani.

Wakazi wa Lamu wanaujua upande mwingine wa gharama hiyo. Septemba na Oktoba 2011, raia wa kigeni walitekwa nyara Kiwayu na Manda na kupelekwa Somalia kwa mashua. Utalii ulidorora, na baadaye, kwa sababu za usalama, wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa. Aliyeumia ni mvuvi, ingawa kosa halikuwa lake.

Kuna hatari ya kudhaniwa mhalifu pia. Mnamo Februari 2012, wavuvi wawili wa India waliuawa karibu na Kerala na wanajeshi wa Italia waliokuwa wakilinda meli ya mafuta, kwa kudhaniwa kuwa maharamia. Chombo kilichosajiliwa, chenye namba inayosomeka na taa usiku, hupunguza hatari hiyo. Ni busara pia kutoikaribia meli kubwa bila sababu.

Wavuvi nao ni sehemu ya kazi ya kuona. Wao huijua bahari yao kuliko rada: mashua ngeni, jahazi lililotia nanga pasipo kawaida, au meli inayokokota nyavu usiku. Habari hiyo ikifikishwa kwa BMU na Walinzi wa Pwani, inaweza kuvuka mipaka kabla ya mhalifu. Nao wanaoipokea wana wajibu wa kumlinda aliyeitoa, maana mvuvi anayeogopa kushukiwa hatasema aliloliona.

Maswali ya kujadili katika baraza au mkutano wa BMU

1. Mvuvi akiona chombo cha kutiliwa shaka, amwambie nani kwanza, na kwa njia gani?
2. Ni vyombo vingapi katika bandari yenu ndogo vina usajili, namba na taa?
3. Usalama unaweza kulindwa vipi bila kumnyima mvuvi riziki yake?