KUMWULIZA MAMA KUHUSU UKATILI WA NYUMBANI: SOMO KWA KAMATI ZA PAROKIA



Somo letu katika toleo hili linahusu jambo ambalo wajumbe wa kamati wamekuwa wakituuliza kwa sauti ya chini, semina ikiwa imekwisha na watu wanasubiri chai: tufanyeje na akina mama wanaopigwa na waume zao? Kabla ya kujibu, ni haki tuanze na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulitengeneza fomu ya kukusanya habari za kaya katika vigango tunavyofanyia kazi. Ilikuwa na maswali kuhusu maji, choo, mashamba na ada za shule, na karibu na mwisho tukaweka swali moja: "Je, kuna ukatili katika nyumba hii?" Tuliliweka kwa sababu taarifa ya mradi ilihitaji tarakimu. Fomu ilijazwa sebuleni, baba wa nyumba akiwapo, na mwenyekiti wa jumuiya akiwa amemsindikiza mjazaji kama heshima inavyodai. Karibu nyumba zote zilijibu "hapana". Tukaandika kwamba tatizo ni dogo katika eneo lile, tukashukuru.

Katika nyumba moja mama alisita, akamtazama mumewe, kisha akasema, "Mara moja moja." Mjazaji akaandika "ndiyo", akaaga, akaenda nyumba iliyofuata. Usiku ule mama yule alipigwa kwa ajili ya maneno hayo matatu, kwa kuwa alimwaibisha mwenye nyumba mbele ya wageni. Sisi tulipata habari wiki mbili baadaye kwa muuguzi wa zahanati. Swali letu ndilo lililomletea kipigo.

Tangu hapo tumejitahidi kujifunza jinsi wataalamu wa afya ya jamii wanavyouliza, na tumeona kwamba yapo mengi ambayo kamati ya parokia inaweza kuyatumia bila kuwa na shahada yoyote.

UTAFITI WA DAR ES SALAAM NA MBEYA

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani liliongoza utafiti mkubwa kuhusu afya ya wanawake na ukatili wa majumbani. Wanawake zaidi ya 24,000 walihojiwa katika nchi 10, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Hapa kwetu kazi ilifanywa na watafiti wa Muhimbili katika sehemu mbili, jiji la Dar es Salaam na Mkoa wa Mbeya, na ripoti ya nchi zote ilitoka mwaka 2005. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 katika Dar es Salaam na asilimia 56 katika Mbeya walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenzi wao.

Mlinganishe hayo na fomu yetu iliyojaa "hapana". Watu wa vigango vyetu si malaika kuliko watu wa Mbeya. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuuliza.

Kwanza, wahojaji wote walikuwa wanawake, nao walifundishwa kwa muda wa wiki tatu hivi kabla ya kutumwa. Katika kila kaya alihojiwa mwanamke mmoja tu, mwenye umri wa miaka 15 hadi 49, ili asiwepo mwingine nyumbani anayejua maswali yalikuwa yapi. Kwa majirani na kwa waume utafiti ulitambulishwa kuwa ni wa afya ya wanawake na maisha yao, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini neno ukatili halikutangazwa. Mahojiano yalifanyika faraghani. Mtu akitokea ghafla, mhojaji alikuwa na maswali mengine tayari, ya mambo ya kawaida, akageukia hayo mpaka yule mtu aondoke. Tulipolisoma hili tulimkumbuka mwenyekiti wetu wa jumuiya, ameketi kwenye kiti bora sebuleni, kikombe cha chai mkononi.

Pili, hawakuuliza "Je, unafanyiwa ukatili?" Neno hilo kila mtu ana tafsiri yake. Hata katika utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania walikubali kwamba ziko sababu zinazomhalalisha mume kumpiga mkewe. Mama anayeamini hivyo hawezi kusema ametendewa ukatili, atasema amerudiwa. Kwa hiyo watafiti walitaja matendo yenyewe: je, amewahi kukupiga kofi au kukurushia kitu? Kukusukuma? Kukupiga ngumi? Kukupiga teke au kukuburuta? Kukukaba koo au kukuchoma kwa makusudi? Kukutishia kwa kisu? Hapo mtu hahitaji kujua istilahi. Anakumbuka tu kama jambo lilitokea.

Kuhusu dhuluma ya kingono waliyotendewa utotoni walikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa mahojiano mama alipewa kadi yenye picha ya uso wa furaha na uso wa huzuni, akaweka alama mwenyewe, ikafungwa ndani ya bahasha bila hata mhojaji kuiona. Katika sehemu nyingi waliokiri kwa kadi walikuwa wengi kuliko waliokiri kwa mdomo.

Kwa haki yapasa tuseme pia kwamba mambo hayakusimama pale pale. Katika utafiti wa taifa wa 2015-16, asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa na mtu tangu wafikishe miaka 15. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 27. Ni nafuu, lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne.

MARADHI YASIYO NA JINA

Sehemu hii tunawaomba hasa wahudumu wa afya vijijini na akina mama viongozi waisome kwa makini. Tumezoea kudhani kwamba mama anayepigwa atajulikana kwa jicho jeusi. Lakini katika utafiti ule kuumizwa mwili kulikuwa sehemu tu ya madhara. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba wanawake waliowahi kutendewa ukatili na wenzi wao walilalamika zaidi kuliko wengine juu ya maumivu, kizunguzungu, kusahausahau, kutokwa na uchafu ukeni, na shida ya kutembea au kufanya kazi za kila siku, tena ndani ya wiki nne tu zilizotangulia mahojiano. Wengi wao kipigo chenyewe kilikuwa cha zamani. Maana yake kipigo hukoma na mwili huendelea kulipa. Mawazo ya kujiua yalikuwa karibu mara tatu zaidi kwao. Mwaka 2013 Shirika hilo lilikusanya tafiti za dunia nzima na kuona kwamba wanawake hao wanakaribia mara mbili ya wenzao katika kupata sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, na kwamba huzaa zaidi watoto wenye uzito mdogo.

Basi mama anayekuja zahanati mara ya nne na kichwa kisichosikia dawa, ambaye vipimo vya malaria havioni kitu, pengine anasema jambo jingine. Muuguzi tuliyemtaja hapo juu ana desturi ya kuanza na usingizi. "Mama, unalala vizuri?" Halafu ananyamaza. Anatuambia kwamba swali la usingizi humpa mama nafasi ya kujibu au kutokujibu, na mtu wa nje akilisikia halina aibu wala hatari.

KIKAO CHA SULUHU

Sasa tunafika mahali ambapo tunajua baadhi ya wasomaji watatofautiana nasi. Kamati nyingi, zikisikia habari ya ugomvi, huwaita mume na mke pamoja, husoma malalamiko, huwaonya, huwaombea na kuwapatanisha kwa kupeana mikono. Nia ni njema kabisa. Kwa ndoa zenye kutoelewana juu ya fedha au wakwe, kikao hicho kimeokoa wengi na hatuna neno juu yake. Lakini penye kipigo, kikao hicho ni fomu yetu ya sebuleni kwa sura nyingine. Mama anatakiwa aseme mbele ya yule anayemwogopa, kisha arudi naye nyumbani usiku.

Katika nchi zote zilizofanyiwa utafiti, kati ya asilimia 55 na 95 ya wanawake waliopigwa walikuwa hawajawahi kwenda polisi, hospitalini, kwa viongozi wala kwenye shirika lolote kuomba msaada. Tukiuliza kwa nini hawaji kwetu, tujiulize pia wale waliokuja walipata nini.

Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliwatolea wahudumu wa afya mwaka 2014 unaweza kutufaa. Unamtaka anayesikiliza asikilize bila kuhukumu, aulize mama anahitaji nini sasa, amhakikishie kwamba anaaminiwa na kwamba kosa si lake, afikiri naye juu ya usalama wake na wa watoto, na amsaidie kupata huduma nyingine. Pia unasema kazi yake si ipi: si kumtatulia matatizo, si kumshawishi aondoke katika ndoa, si kumlazimisha aende polisi, wala si kumchimba aeleze kila kitu upya. Kwa wajumbe wanaopenda kutoa ushauri (nasi tumo), hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko zote.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kamati iwe na akina mama wawili wanaojulikana kwa kutunza siri, ambao mtu anaweza kuwaona bila kupita kwa katekista wala mwenyekiti. Wajue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu liko wapi, fomu ya PF3 inatolewaje, na kama hospitali ya wilaya ina Kituo cha Mkono kwa Mkono. Wajue pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, hakimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mara nyingi tumekuta hata wazee wa baraza hawajui hilo. Na wasiandike majina katika daftari la parokia.

KWA WAFADHILI WETU

Tuna ombi moja. Msitupime kwa kupungua kwa idadi ya akina mama wanaokuja kueleza shida zao. Mradi ukianza kuaminiwa, idadi hiyo hupanda, na mwaka ambao tarakimu ilikuwa ndogo kuliko zote kwetu ndio mwaka tuliokosea.

Matokeo ya kweli huchukua muda, tena huja nusunusu. Kule Mwanza, utafiti ulioitwa MAISHA ulifuatilia vikundi 66 vya akina mama waliokuwa katika mpango wa mikopo midogo. Vikundi vyote viliendelea na mikopo, lakini nusu yake vilipata pia mafunzo ya vikao 10 juu ya mahusiano na haki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kwamba waliotendewa ukatili na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 23 kwa waliofundishwa na asilimia 27 kwa wasiofundishwa. Kupigwa kulipungua, kulazimishwa tendo la ndoa hakukubadilika karibu kabisa. Nasi hatutaahidi zaidi ya hayo katika maombi yetu ya fedha.

Swali la ukatili tumeliondoa katika fomu ya kaya. Mama yule bado yuko kwenye ndoa yake. Tulikwenda kumwomba radhi, tukimkuta peke yake shambani. Akatuambia tusije tena nyumbani, tumsubiri zahanati siku ya kliniki. Ndivyo tunavyofanya.

Kwa mjadala katika kamati: mara ya mwisho mlipomwita mke na mume kwenye kikao, nani alimwona mama faraghani kabla na baada yake? Na kama binti yako mwenyewe angekuwa na shida hii, ungependa aanzie kwa nani katika parokia yenu? Majibu yenu tutayapokea kwa barua au kwa mkono wa mratibu wa kanda, bila majina ya wahusika.