Acheni kuliogesha tangi la samaki

Mvua za Septemba zimeanza, na kwa desturi safu hii ingekuwa inazungumzia mbegu za maharage na mnyauko wa migomba. Lakini mezani kwangu zimerundikana barua za samaki wa mapambo, nyingi kutoka Rusizi, na ukizisoma zote ni barua moja. Mama mmoja wa Nyakarenzo, mwenye saluni, ameandika hivi: "Mzee, shikamoo. Moli wangu weusi wanasimama mahali pamoja wakitikisika kama wenye homa, mapezi wameyabana. Na mimi siwaonei uvivu, kila Jumamosi nawabadilishia maji yote. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mama. Umekosea hapo hapo pa Jumamosi.

Zoezi lenyewe nimelishuhudia nyumba nyingi mno. Samaki wanavuliwa kwa chujio la chai na kutupwa kwenye beseni. Changarawe inasuguliwa kwa sabuni ya unga. Sponji ya chujio inakamuliwa chini ya bomba mpaka inakuwa nyeupe kama mpya, na mwenye nyumba anaitazama kwa fahari. Kisha tangi linajazwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati usiku uliopita, ya baridi, na samaki wanarudishwa papo hapo. Jumatatu maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Jumatano kuna samaki anaelea. Jumamosi, kwa kuwa samaki wamekufa, tangi linaoshwa kwa bidii zaidi.

Ninyi ni wakulima, hili sina haja ya kulieleza kwa mduara. Ile rojo ya kahawia kwenye sponji ni sawa na mboji iliyoiva. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaochukua amonia inayotoka kwenye mashavu na kinyesi cha samaki, wakaigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti, ambayo haina ukali ule. Kuwapata huchukua wiki nne hadi sita. Kuwamaliza ni dakika moja ya sabuni. Yupo mkulima anayemwaga mboji yake kila Jumamosi kwa sababu imekuwa nyeusi?

Badilisha robo ya maji kwa wiki, basi. Sponji isuuze ndani ya ndoo ya yale maji machafu uliyoyatoa tangini, ikamue mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado na rangi yake ya kahawia. Kioo kifute kwa kitambaa kisichojua sabuni. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha ndipo uyatumie, na yasiwe baridi kuliko yale ya tangini. Nyakarenzo si Bugarama: usiku wa milimani unapoa, na moli anataka nyuzi 24 hadi 28. Asiye na kifaa cha kupasha maji aliweke tangi mbali na dirisha na alifunike jioni.

Sasa hayo maji ya mvua, ambayo msimu huu kila mtu anayapenda kwa kuwa ni ya bure. Kwa kitalu cha nyanya ni maji mazuri. Moli ni samaki wa Mexico na nchi jirani zake, wengi wao wa pwani na midomo ya mito, mahali maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Mwili wake umezoea maji magumu yenye kalisi na magnesi. Maji ya mvua hayana hata kimoja. Ukimweka humo anaanza kutikisika palepale alipo, kama alivyoona mama wa saluni, halafu ukungu mweupe kama pamba unamshika mgongoni.

Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia chumvi ya jikoni. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 20 hakina ubaya, na iodini iliyomo haiui samaki kwa kiasi hicho. Lakini chumvi ni sodiamu. Haiyafanyi maji kuwa magumu, na haitachukua nafasi ya chokaa.

Na chokaa mnayo! Mawe ya chokaa ya Bugarama ndiyo yaliyofanya kiwanda cha saruji cha CIMERWA kikajengwa kule. Tafuta kipande, kidondoshee ndimu au siki. Kikitoa povu, ndicho. Kiponde uwe na vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, vioshe kwa maji matupu, weka konzi moja au mbili ndani ya chujio. Jiwe linajipimia lenyewe: maji yakiwa laini linayeyuka, yakishiba linatulia. Ila tusielewane vibaya. Nasema jiwe bichi. Chokaa iliyochomwa, ile ya kupaka ukuta, itawaua wote kabla hujarudi jikoni.

Cha kuchekesha ni kwamba kule chini kuna Ziwa Kivu, maji yake ya juu yana pH inayokaribia 9 na magnesi tele, kwa sababu ya chemchemi za ardhini zinazotoka upande wa volkano. Moli angeyashukuru maji hayo. Mwenye jerikani na ayachote, ayachuje kwa kitambaa, ayachanganye kidogo kidogo kwa wiki tatu. Taratibu, tafadhali, maana amonia ile ile inakuwa kali zaidi pH inapopanda. Tangi lenye maji ya Kivu na mlishaji mwenye mkono mwepesi havipatani. Chakula kiishe ndani ya dakika mbili, basi.

Nimebakiwa na wachuuzi. Huyu anakuambia samaki anakua kulingana na chombo, anakuuzia moli wanne na bakuli la kuwekea maua. Si kweli. Moli mkubwa anafika sentimita 10 na ushei, na hao wanne wanahitaji kama lita 60. Yule anakuuzia madume matatu na jike mmoja, na jike anafukuzwa mpaka anakufa kwa uchovu. Dume mmoja anatosha majike wawili au watatu. Wakianza kufa, mchuuzi yule yule anarudi na kapsuli za tetrasaiklini za binadamu, anazifungua na kunyunyiza unga majini. Dawa hiyo hushikana na kalisi ya maji magumu ikabaki haina kazi, na katika maji laini inaweza kuwaumiza wale bakteria wa sponji. Umelipia kuharibu.

Mwisho, kwa wanaofanikiwa. Jike huzaa vifaranga hai kila baada ya wiki nne hivi, 20 hadi 60, na anaweza kuzaa tena na tena bila dume kwa mbegu alizozihifadhi tumboni. Tangi litajaa, na utashawishika kwenda kuwamwaga kwenye kijito au bwawa la sato. Usithubutu. Sambaza tunaowakaanga walitolewa Tanganyika mwaka 1959 wakawekwa Kivu, na hadi leo wamo. Samaki akishaingia majini humrudishi. Gugu maji nalo lilisambaa duniani kama ua zuri la bwawani. Vifaranga waliozidi mpe jirani mwenye tangi. Jirani akikataa, kuku hawachagui.