Leza ya macho: mwalimu, tuanze na huko kuwasha

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mgeta, milimani Morogoro, nina miaka 27. Navaa miwani ya kuonea mbali tangu kidato cha pili na sasa nimefika namba −4.5. Asubuhi ukungu ukishuka miwani inajaa mvuke, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Nasikia Dar es Salaam kuna upasuaji wa leza unaomwachisha mtu miwani. Je, unauma? Nitaona bila miwani maisha yote? Sina ugonjwa wa macho, ila macho huwasha tangu utotoni, hasa kipindi cha vumbi.
Mwalimu, Mgeta

JIBU: Mwalimu, umeniuliza kuhusu maumivu, lakini sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonishtua. Macho yanayowasha tangu utotoni mara nyingi ni aleji, na mwenye aleji huyafikicha. Kufikicha kwa miaka mingi kunaweza kuidhoofisha konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hadi ikawa nyembamba na kuchongoka. Hali hiyo huitwa keratokonasi. Mgonjwa hubadilishiwa miwani kila mara akidhani namba tu ndiyo inapanda. Konea ya namna hiyo ikipunguzwa tena kwa leza, uoni unaweza kuharibika kiasi kwamba hata miwani haisaidii.

Kwa hiyo usilipie upasuaji kabla hujapimwa umbo na unene wa konea. Unene wake ni kama nusu milimita, karibu maikroni 540, na leza hunyoa takriban maikroni 12 hadi 16 kwa kila namba moja. Piga hesabu kwa −4.5 yako uone kwa nini kipimo hiki si cha kuruka. Namba nayo iwe imetulia mwaka mzima au zaidi, hivyo nenda na kadi zako za zamani. Wakikuta keratokonasi, kuna tiba ya matone ya vitamini B2 na mwanga maalumu inayoweza kuizuia isiendelee.

Ukifaulu vipimo, upasuaji wenyewe ni mfupi. Unatiwa ganzi ya matone, hakuna sindano, na unakuwa macho muda wote. Kwa njia ya LASIK daktari hukata utando mwembamba wa konea, huufunua kama ukurasa wa daftari, leza hufanya kazi chini ya dakika moja, kisha utando hurudishwa bila kushonwa. Utahisi jicho linabanwa, uoni unaweza kuzima sekunde chache, na harufu kama ya nywele zilizoungua itakujia. Usiogope, jicho haliungui. Wengi huona vizuri kesho yake. Njia ya PRK haina utando. Hiyo inauma siku tatu nne na uoni husafika taratibu kwa wiki kadhaa, lakini huwafaa baadhi ya wenye konea nyembamba.

Jiandae kwa macho makavu, pengine kwa miezi, na duara za mwanga kwenye taa za magari usiku. Usiyafikiche kabisa. Usipande bodaboda kurudi mlimani siku hiyohiyo. Lala Dar, uonwe kesho yake, urudi tena kwa tarehe utakazopewa. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, safari hizo hadi Morogoro mjini zimekuwa nyepesi.

Kuhusu maisha yote: ukipita miaka 40 utahitaji miwani ya kusomea, kama wenzako wote, kwa sababu lenzi ya ndani hukakamaa na leza haiigusi. Wala haizuii mtoto wa jicho.

Wakati ukipanga safari, tibu aleji. Anzia kliniki ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Kitambaa cha maji baridi hutuliza kuwasha. Usijinunulie matone yenye steroidi dukani. Hutuliza upesi, lakini yakitumiwa muda mrefu bila uangalizi yanaweza kupandisha presha ya macho na kuua mshipa wa kuonea bila wewe kuhisi maumivu yoyote.